Kilichoandikwa Chini ya Muhuri

Sogeeni karibu, na mwenye roho nyepesi akae nyuma kidogo, maana mama ninayetaka kuwasimulia hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa na bucha sokoni, mlango wa tatu kutoka lango kubwa, na soko zima lilimwita Shoka. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti, likajikalia huko.

Jina la Shoka alilipata kwa jasho lake. Goti la ng'ombe alilipasua kwa pigo moja, na wala hakuangalia anapopiga. Alikuwa anakutazama wewe mteja usoni, huku vipande vya mfupa vinaruka mpaka ukutani. Wengi waliokuja kulalamika kwamba jana waliwekewa mafuta mengi walimeza malalamiko yao papo hapo wakaomba nusu kilo ya mbavu. Siku moja mwizi alipitisha mkono chini ya ndoano kuvuta kipande cha paja. Shoka alishusha kisu, kikapita kwenye mkono wa shati na kukita kwenye gogo, nusu kidole kutoka kwenye mshipa. Akamwacha amebanwa pale, akahudumia wateja wanne, halafu ndipo akamuuliza kwa upole kama anataka yenye mfupa au steki.

Ukuta mmoja tu uliitenga bucha na kibanda cha mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Huyu walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na maneno yake yalikuwa yanakuchoma na kutokea upande wa pili kabla hujajua umeguswa. Kila Jumamosi alileta mkasi wake kunolewa buchani, na walipokuwa pamoja hapakukosekana tusi, ila la kindugu, lile ambalo likikosekana mtu anauliza kuna nini.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Mama yao aliuawa na saratani ya titi. Alificha uvimbe chini ya nguo, akaufunga na kitambaa, akawa anasema ni joto, mpaka siku ulipopasuka na harufu ikamsema yeye mwenyewe. Shoka alikuwa na miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyekuwa akikiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, na siku moja maumivu yalimzidi mama, akamng'ata binti yake mkono, hapa juu ya kiwiko, na hakuachia mpaka damu ikashuka kwenye beseni. Alama ya meno haikufutika. Mama alipokwenda, Sindano alikuwa na miaka minne. Shoka aliacha shule, akamfunga mgongoni, akaingia kwenye nyama. Alimlisha, akamchapa, akamsomesha, na jino lake la kwanza la utoto alimng'oa yeye, kwa uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Likumbukeni hilo jino.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kumjua, naye ni mkaguzi wa nyama kule machinjioni, bwana mwenye koti jeupe na buti za mpira, waliyemwita Bwana Muhuri. Kila mnyama aliyeangushwa alipita mikononi mwake. Alipasua mapafu, akakata maini, akachanja tezi za shingoni. Akiona ubaya, nyama ilikatwakatwa mbele yako, ikamwagiwa mafuta ya taa na kutupwa shimoni, ulie usilie. Asipoona kitu, alichukua muhuri wa wino wa buluu akaupiga begani na pajani: IMEKAGULIWA. Kwa watu wa bucha neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Kula, lala.

Basi mwaka huo lilikuja sokoni gari refu jeupe la hospitali, lenye mashine ya kupiga picha za matiti. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba mwanamke mwenye miaka arobaini na kuendelea aje, hata kama haumwi popote, maana picha huona kitu kabla kidole hakijakigusa. Shoka alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alisema haendi. Alisema vidole vyake vimekamata nyama miaka thelathini na nne, na kama titi lake lingekuwa na kitu angekwishakijua. Muuza mboga wa meza ya jirani, shoga yake, ndiye aliyemvuta. Alimwambia wanaume watasema Shoka anaogopa mashine. Hapo akafunga bucha saa sita mchana, akaenda na aproni yake ya damu.

Mashine ile ilimbana. Binti wa eksirei alilaza titi kwenye bamba, akashusha bamba lingine juu yake, na Shoka akaona nyama yake imesukumwa ikawa bapa kama maini kwenye ubao. Alimwambia binti kwamba akiongeza unywele mmoja atamtoa humo garini kupitia dirishani. Binti akaongeza, akasema, "Usipumue, mama." Shoka hakupumua. Alitoka pale amekunja ngumi na hakuwa na wa kumpiga.

Wiki tatu baadaye ilikuja kadi. Shoka alifungua bahasha kwa kisu cha kuchunia, akaona katikati muhuri wa buluu umekaa sawasawa: IMEKAGULIWA. Chini yake palikuwa na mwandiko wa daktari, ule wa kuku aliyekanyaga wino, na hakuwa na haja ya kuusoma. Aliinua kadi juu sokoni kote waione. Akamwambia muuza mboga kwamba sasa anaweza kuuzwa hata hotelini. Kisha akaitundika kwenye ndoano, juu ya msumeno.

Hospitali walipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapasua kichwa cha ng'ombe, simu ameibana kwa bega. Sauti ya dada mmoja ilimuuliza kama amepata kadi. Akasema ameipata, imekaguliwa. Dada akasema basi wanamsubiri. Shoka akajibu kwamba yeye amekwishapita, wapitishe na wenzake, akakata. Mara ya pili hakupokea.

Kadi ilikaa kwenye ndoano miezi mitatu.

Jumamosi moja Sindano alikuja na mkasi. Palikuwa na wateja wengi na nzi wengi zaidi, akaichukua ile kadi ajipepee. Akapepea, akapepea, halafu mkono ukasimama. Alikuwa amezoea miandiko mibaya. Vipimo vya wateja wake alivisoma kwenye karatasi za sigara. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Dada, hapa wamekuita."

Shoka alisema muhuri huo hapo, ana macho.

"Muhuri unasema imekaguliwa. Imekaguliwa nini? Picha. Ungekuwa ni wewe wangeandika amekaguliwa. Sasa soma huku chini, hapa ndipo penye wewe. *Titi la kushoto. Arudi kwa vipimo zaidi, bila kuchelewa.* Arudi, dada. Nyama hairudi. Anayerudi ni mtu."

Shoka aliacha kunoa. Aliuliza, polepole, kama Sindano amekuja kumtabiria kifo. Sindano akajibu kwamba yeye hatabiri, anasoma, na kama mama yao angekuwa na mtu wa kumsomea asingeoza akiwa hai.

Jamani, neno hilo ndilo lililofungua mlango. Shoka alikuwa na ngumi ya mtu anayeinua robo ya ng'ombe kila asubuhi, na aliitupa yote. Ilimkuta Sindano mdomoni. Akaruka nyuma, akaanguka kwenye mizani, ndoano zikagongana na nusu ya mbuzi ikamwangukia kifuani. Watu walikimbilia. Damu ilikuwa imemwagika kwenye vigae, na hakuna aliyeweza kusema ipi ya mbuzi na ipi ya binadamu. Sindano alimsukuma mbuzi, akainuka, akatema kitu kiganjani. Lilikuwa jino la mbele, zima na mzizi wake. Alilipangusa kwa gauni, akaliweka kwenye sahani ya mizani. Mshale haukutikisika.

"Lipige muhuri na hili," akasema, na kila herufi ilitoka na damu.

Jumatatu alikuja amevimba uso kama mkate. Alisimama mbele ya gogo, akasema neno moja, arudi, akaenda kushona. Jumanne vivyo hivyo. Shoka alimmwagia maji ya kuoshea matumbo. Sindano akaenda kubadili nguo, akarudi, akalisema. Wateja wakaanza kuja saa hiyohiyo kutazama. Jumatano Shoka alikuwa hajalala siku nne. Alipoona kivuli cha mdogo wake mlangoni, kabla hata mdomo haujafunguka, alirusha shoka. Lilipita hewani likizunguka, likakita kwenye mwimo wa mlango, shubiri moja kutoka sikio la Sindano, na mpini ukabaki unatetemeka.

Sindano alilitazama lile shoka. Akalishika kwa mikono miwili, likagoma. Akaweka mguu kwenye mwimo, akavuta, akavuta tena, akalitoa na kuanguka nalo chini. Akainuka, akaja kuliweka juu ya gogo mahali pake.

"Arudi," akasema.

Alipoondoka, Shoka aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa amelenga mlango. Aliwaambia hivyo watu, na ni kweli. Lakini yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, ulikwenda pembeni ya alipolenga, na kwamba pembeni kulikuwa na yule mtoto aliyembeba mgongoni.

Alhamisi, kulipopambazuka, alikwenda machinjioni kumuuliza mwenye neno lake. Kazi ilikuwa imepamba moto. Fahali mmoja alikuwa amekata kamba na kumpiga kwato mtu wa ngozi, wanaume watano wamemwangukia, damu inakimbia kwenye mfereji kwa sauti kama mvua kwenye bati. Shoka alipita katikati yao kama anapita sebuleni kwake. Alimkuta Bwana Muhuri ameinama juu ya mzoga wa ng'ombe mnono, akamwonyesha kadi, akamuuliza kama kitu kilichokaguliwa kinaweza kuitwa tena.

Bwana Muhuri aliisoma kadi, akaisoma tena. Aliingiza mkono kwenye shingo ya yule ng'ombe, akachomoa tezi ukubwa wa kokwa la embe, akampa.

"Wewe una vidole. Niambie."

Shoka aliiminya, akaigeuza, akaiviringisha kati ya gumba na shahada. Ilikuwa laini, nyororo, haina kasoro. Akasema ni safi, hiyo angeiuza.

Bwana Muhuri akaiweka kwenye ubao, akapitisha kisu katikati. Kisu kikasaga. *Krrr*, kama kimekata mchanga. Ndani palikuwa na punje za manjano, ndogo, ngumu, zimejipanga. Ilikuwa kifua kikuu. Ng'ombe yule mnono akaburutwa mpaka shimoni, akachanjwa tumbo na mapaja, akamwagiwa mafuta ya taa, na mwenye ng'ombe akawa anarusha ngumi kwa kila aliyekuwa karibu.

"Mimi muhuri naupiga mwisho, baada ya kisu," Bwana Muhuri alisema. "Wenzangu wa hospitali wanaupiga baada ya kutazama tu. Neno moja, kazi mbili. Nenda, mama. Tena usiende peke yako."

Shoka hakwenda kumwomba Sindano msamaha. Hakuwa na midomo ya kazi hiyo. Ijumaa alisimama mlangoni pa kibanda cha kushonea, amevaa viatu vya kutokea, akasema, "Vaa." Sindano akavaa.

Hospitali walimbana tena, safari hii zaidi. Kisha daktari, mama mmoja wa makamo mwenye miwani kichwani, aliwaonyesha picha ukutani. Kwenye weusi palikuwa na kikundi cha punje nyeupe, kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa. Shoka alizitazama, akasema, krrr. Daktari hakuelewa. Alieleza kwamba wanawake wengi wanaoitwa tena hawakutwi na kitu, na hata punje hizi mara nyingi huwa si chochote, lakini hizi hazikumpendeza namna zilivyokaa. Itabidi achukue kinyama kidogo. Akamgeukia nesi kuomba sindano, na mdogo mtu akaitika, "Niko hapa." Shoka alicheka mpaka akakaribia kulia, na walipomdunga alikuwa bado hajamaliza kucheka, akampiga teke nesi.

Jibu lilikuwa saratani, ndogo, bado haijatoka ilipozaliwa.

Sasa Shoka hakuwa mtu wa kununua bila kupindua nyama. Alimuuliza daktari swali ambalo mimi mpaka leo nalipenda. Alisema: kama ng'ombe atakufa Ijumaa, na mimi nimejua Jumatatu badala ya Alhamisi, huyo ng'ombe ameongezewa siku, au mimi tu ndiye niliyeongezewa siku za kuogopa?

Daktari alivua miwani. Akasema swali hilo limewagombanisha madaktari miaka mingi, na ndiyo maana waliofanya utafiti hawakuhesabu siku tangu mtu ajue. Walichukua wanawake maelfu walioitwa kupigwa picha, na maelfu wengine wasioitwa, wakangoja miaka, halafu wakahesabu makaburi. Kwa walioitwa, makaburi ya ugonjwa huu yalikuwa machache zaidi. "Si machache sana kama tunavyotangaza kwenye kipaza sauti," akasema, "lakini machache. Na wapo tunaowakata kwa kitu ambacho kisingewaua kamwe, na hatujui ni nani. Wewe sikuahidi. Nakwambia tu una nafasi ambayo mama yako hakuipata."

Shoka akasema mtu anayesema ukweli hivyo anaweza kushika kisu.

Walimkata kipande, titi likabaki. Mionzi ikamuunguza ngozi ikawa kama nyama iliyosahaulika jikoni. Miezi minne hakuinua shoka, na hasira zake zilihamia kwenye vyombo. Hakuna sahani iliyobaki nzima nyumbani. Sindano alifungua bucha asubuhi na cherehani mchana, akakata nyama kwa mistari iliyonyooka kama anakata suruali, wateja wakalalamika kwamba mbavu zina pindo.

Yule muuza mboga aliyemvuta garini naye alikuwa ameitwa. Yeye alisoma kadi yake siku ileile, akaenda kesho yake, akafanya kila alichoambiwa. Ugonjwa wake ulikuwa mkali, wa mbio, na ulimuua mwaka mmoja na nusu baadaye. Shoka alirudi kutoka mazikoni akafunga mlango wa bucha kwa ndani. Watu wa nje walisikia pigo, na pigo, na pigo. Alipofungua, lile gogo alilokuwa akilikatia tangu ujana lilikuwa kuni, na yeye ameketi juu ya vipande, kovu linamvuja jasho, anauliza kwa nini yeye aliyechelewa ndiye aliyebaki. Sindano alimletea maji, kisha wakaenda kutafuta gogo jingine.

Mwaka wa pili gari jeupe lilirudi. Sindano sasa alikuwa ametimiza arobaini. Asubuhi hiyo alikuwa na gauni la harusi la kumalizia. Mchana alikuwa na gauni lilelile. Saa tisa Shoka aliingia kibandani, akamkuta amejikunja nyuma ya marobota ya vitambaa. Alimuuliza nini. Sindano, yule wa ulimi, alisema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa.

Shoka hakubishana. Alimtupa begani kama robo ya ng'ombe na kutoka naye. Sindano alipiga mateke, akamvuta nywele, akamwita kila jina linalojulikana sokoni na mawili ambayo hayajulikani. Mbele ya ngazi za gari akamng'ata mkono, juu ya kiwiko, juu ya alama ya zamani, kwa nguvu zake zote. Damu ikashuka. Shoka alitazama mkono wake. Meno ya mama yalikuwa pale, mstari mzima, na sasa juu yake mstari mwingine wenye pengo moja katikati.

"Ng'ata tu," akasema. "Lakini unapanda."

Kadi ilikuja baada ya wiki tatu. Waliifungulia buchani, wote wawili wameegemea gogo jipya. Muhuri wa buluu ulikuwa umekaa mahali pake, na Shoka akaufunika kwa kidole gumba.

"Huu tunaujua. Soma chini."

Sindano alisoma. "*Hakuna kilichoonekana. Arudi baada ya miaka miwili.*"

Akasoma mara ya pili, kwa kuwa dada yake alitaka mara ya pili. Kisha Shoka akachukua shoka, akaenda kwenye mwimo wa mlango, pale penye lile jeraha la mti, akachanja mstari mmoja pembeni yake, na baada ya kufikiri akachanja wa pili.

"Miaka miwili," akasema. "Kama miguu itakataa, bega lipo."

Mteja alikuwa amekwishaingia, anataka nusu kilo ya mbavu. Shoka akamtazama usoni na kupiga.